Mtoto akiwa wa bluu, mkunje magoti

Juzi usiku msomaji mmoja, mama wa mtoto wa miezi 5, ameniandikia: "Dada, mwanangu akilia sana midomo inakuwa ya bluu, halafu analegea. Nesi kasema ni kulia tu, atazoea." Nikakaa kitandani na simu mkononi, usingizi ukakata. Atazoea. Neno hilohilo niliambiwa mimi mwaka 2019, na mpaka leo linaniuma.

Mwanangu alizaliwa na kilo 3, akalia vizuri, kesho yake tukaruhusiwa. Alipofika miezi 4 nikaona akinyonya anatoka jasho kichwani, anaacha ziwa, anahema, anarudi. Kucha zilikuwa kama za mtoto aliyeshika zambarau. Mama mkwe akasema baridi. Kituoni wakasema nimonia, tukachoma sindano siku 5. Kisha tukachoma tena.

Asubuhi moja namvua nguo nimwogeshe, akalia kilio kile cha kukata pumzi. Midomo ikageuka, ulimi ukageuka, akahema mbiombio, kisha shingo ikalegea. Nikamweka begani miguu ikining'inia, nikakimbilia bodaboda. Hapo ndipo nilipokosea.

Hospitalini daktari mmoja wa kike alimpokea, akamlaza chali, akakunja magoti yake mpaka yakagusa kifua. "Mama, shika hivihivi. Usimtikise. Ongea naye." Akaweka oksijeni puani. Kile kidude cha kubana kidoleni, cha kupima oksijeni kwenye damu, kilisoma 58. Nimeshika magoti mawili madogo, namwimbia huku sauti inatetemeka, namba ikapanda: 63, 70, 76.

Kipimo cha eko, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, tulikifanyia Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Jibu: tetralojia ya Fallot, kasoro nne katika moyo mmoja. Kuna tundu kati ya vyumba viwili vya chini. Njia ya damu kwenda mapafuni ni nyembamba. Mshipa mkuu umekaa juu ya tundu lile. Na msuli wa upande wa kulia umenenepa kwa kusukuma kwa shida. Mtoto akilia, njia ile nyembamba huzidi kubana, na damu isiyo na oksijeni hupenya tunduni na kusambaa mwilini. Ukikunja magoti unaibana mishipa ya miguu, presha ya mwilini inapanda, damu inalazimika kurudi njia ya mapafuni. Ndiyo maana watoto wakubwa wenye ugonjwa huu huchuchumaa wenyewe wakichoka kucheza, bila kufundishwa na mtu.

Nilijilaumu sana. Nikahesabu nilichokula, nilichobeba, niliyegombana naye. Kumbe moyo wa mtoto huanza kudunda wiki ya nne tangu mimba kutungwa, na ifikapo wiki ya nane vyumba vyake vimeshajengwa. Mimi nilikwenda kliniki mimba ikiwa na miezi 4, nikapewa FEFO, vile vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi, nikajiona nimewahi! Sisemi vidonge vingemwokoa mwanangu. Karibu mtoto 1 kati ya 100 huzaliwa na kasoro ya moyo, na mara nyingi chanzo hakionekani. Lakini sukari isiyodhibitiwa, rubela, pombe na baadhi ya dawa za kifafa hujulikana kuleta madhara siku hizohizo ambazo wengi wetu hatujajua kama tuna mimba. Hata mgongo wazi hutokea kabla ya siku ya 28 tangu mimba kutungwa. Kwa hiyo dada, ukipanga kuzaa, nenda kliniki kabla ya mimba. Anza foliki asidi kabla ya mimba. Kama unameza dawa yoyote ya kila siku, usiiache kimyakimya. Muulize daktari, tena kabla ya mimba.

Na mtazame mwanao ulimi. Mikono huweza kuwa ya bluu kwa baridi, ulimi hapana. Ulimi ukigeuka, mkunje magoti kifuani, mtulize, usimlazimishe kunywa chochote, nenda hospitali saa hiyohiyo. Wakikwambia atazoea, omba kipimo cha oksijeni. Wakikataa, omba tena. Mimi niliona aibu kuomba.

Upasuaji alifanyiwa akiwa na mwaka 1 na miezi 2. Mwaka huu anasoma darasa la kwanza.

Yule mama nilimjibu usiku uleule. Leo mchana ameniandikia: oksijeni ilisoma 74, barua ya rufaa anayo, basi ni kesho alfajiri. Nimemwambia amnyonyeshe mara kwa mara njiani, asimwache alie kwa njaa.