Visiki vyako bado viko hai

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nina ekari sita Kishapu, Shinyanga, zamani zilikuwa ngitili ya babu, yaani malisho aliyoyafunga wakati wa mvua ili mifugo ile kiangazi. Sasa ni visiki na vumbi. Kuna jamaa anauza miche ya mikaratusi, ananishauri ning'oe visiki kwa trekta nipande msitu mpya. Nimlipe?

JIBU: Marahaba. Usimlipe, na hilo trekta lisikanyage hapo.

Kila masika yakikaribia naulizwa hili, na kila mara nachoka upya. Mtu anasimama juu ya msitu wake halafu anauliza msitu unauzwa wapi! Kisiki cha mgunga kinachochipua hakijafa. Mizizi yake imeshafika kwenye unyevu na imezoea ukame wa huko kwenu; kinachokirudisha chini ni mbuzi, moto na panga. Mche wa kitalu una mizizi ya kujaa kiganja tu. Mvua ikikatika wiki tatu, umekwisha. Tena ng'ombe hagusi majani ya mkaratusi, sasa hiyo itakuwa ngitili ya nani?

Mvua zikianza, funga eneo. Kila kisiki kiachie machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka, mengine yakate, pogoa matawi ya chini, kisha funga kitambaa ili wachungaji waone kuwa pana mwenyewe. Urudie kila baada ya miezi michache. Kiangazi kikikaza, fungua kipande kwa kipande, ukianza na ndama na ng'ombe wa maziwa. Babu yako hakufanya zaidi ya hapo, isipokuwa yeye alikuwa na dagashida, baraza la jadi la Wasukuma, la kumtoza faini aliyeingiza mifugo kwa wizi. Kwa hiyo zungumza na majirani mapema.

Shinyanga ilifyekwa miti tangu ukoloni ili kufukuza mbung'o, ikafuata pamba, hadi ikaitwa jangwa la Tanzania. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulipoanza mwaka 1986, ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600. Kufikia 2004 zilizidi 300,000. Sehemu kubwa haikupandwa na mtu. Ililindwa tu.

Wauza miti ya miujiza hawataki kusikia hayo. Kule Baringo, Kenya, miaka ya 1980 uliletwa mti unaoitwa mathenge. Ukaziba malisho, na maganda yake matamu yakaozesha meno ya mbuzi, hata mwaka 2006 wananchi wakampeleka mbuzi kibogoyo mahakamani Nairobi awe kielelezo. Huo nao ulisifiwa kwamba unakua haraka na unastahimili ukame.