Barua kwa mwanangu: Namna ya kusoma maoni ya watu juu ya video ya siasa

Arua

Mwanangu Zaituni,

Salaam. Sisi wazima, baba yako anakusalimu. Ujumbe wako nimeusoma. Umesema mkuu wa vipindi wa redio yenu amekupa saa nzima ya Jumamosi uzungumzie namna watu wanavyopokea video za muziki zenye siasa, na anataka uanze na ile ya Beyoncé ya mwaka 2016. Ukaniuliza: "Mama, video kama hizi zikitoka, maoni hufurika mpaka mtu anazama. Nitajuaje watu wanasema nini hasa, na nitayasomaje hewani bila kukiingiza kituo matatani?"

Anza na kazi ambayo watangazaji wengi huiruka, nayo ni kuitazama video yenyewe. Itazame mara tatu. Mara ya kwanza itazame na sauti yake. Mara ya pili zima sauti. Mara ya tatu funika skrini usikilize maneno matupu. Chukua karatasi uigawe safu tatu: dakika na sekunde, kinachoonekana, kinachosemwa. Ukimaliza utaona ugomvi unakaa safu ipi. Katika "Formation" ya Beyoncé, iliyoongozwa na Melina Matsoukas, maneno kwa sehemu kubwa ni majigambo: asili ya wazazi wake, fedha zake, sura ya watu wake. Polisi hawatajwi. Polisi wamo kwenye picha. Gari la polisi wa New Orleans linazama majini naye yuko juu yake. Mtoto wa kiume aliyevaa sweta yenye kofia anacheza mbele ya safu ya askari wa kutuliza fujo, kisha askari wale wananyanyua mikono. Halafu ukuta unaonyeshwa, umeandikwa maneno ya kuwaomba waache kuwapiga watu risasi. Mtu aliyesikia wimbo huo redioni na mtu aliyeona video hawakupokea kitu kimoja. Msikilizaji wako haoni, kwa hiyo mweleze picha hizo moja baada ya nyingine kabla hujasoma maoni ya mtu yeyote. Usiziite nzuri wala mbaya. Sema kilichoonekana, uendelee.

Karatasi ya pili ni ya tarehe. Andika siku video ilipotoka, kisha matukio ya siku chache kabla na baada yake. "Formation" ilitoka Jumamosi tarehe 6 Februari 2016. Kesho yake Beyoncé akauimba wimbo huo uwanjani Santa Clara, California, kwenye mapumziko ya Super Bowl, fainali ya mpira wa Kimarekani inayotazamwa na watu zaidi ya milioni 100. Wachezaji wake walivaa nyeusi na bereti kichwani, mavazi yaliyowakumbusha watu Black Panther, chama cha watu weusi cha kupinga ukatili wa polisi kilichoanzishwa Oakland, California, mwaka 1966. Jumatatu, Rudy Giuliani, aliyewahi kuwa meya wa New York, akalalamika kwenye televisheni. Alilalamikia onyesho la uwanjani. Kuanzia hapo mambo mawili yakachanganyika yakawa ugomvi mmoja, na mtu aliyekasirishwa na bereti akahesabiwa kuwa amekasirishwa na gari lililozama, pengine hajaliona kabisa. Kwa hiyo kila maoni utakayokusanya yawekee alama: anasema juu ya video, juu ya uwanja, juu ya vyote viwili, au haijulikani. Fungu la "haijulikani" litakuwa kubwa. Liache hivyo hivyo. Ukilazimisha kulimwaga kwenye mafungu mengine umeshaharibu hesabu.

Nguvu ya tarehe utaiona vizuri zaidi kwa Madonna. Video yake ya "American Life" ilipangwa kutoka mwaka 2003 ikiwa na onyesho la mavazi ya kijeshi, na mwishoni bomu la mkono lilirushwa kwa mtu aliyefanana na Rais Bush. Wakati inatengenezwa, vita vya Iraq vilikuwa bado mdomoni. Machi 20 majeshi yakaingia Iraq. Siku kumi na kitu baadaye Madonna mwenyewe akaiondoa, akasema hataki kumuumiza mtu atakayeielewa vibaya wakati askari wako vitani. Video ilibaki ileile ila kalenda ilikuwa imesonga. Mtu akikuambia hewani kwamba "watu walimkataa", muulize walimkataa siku gani, kwa sababu umma wenyewe ulikuwa haujaiona rasmi.

Sasa nije kwenye jambo ninalotaka ulishike kuliko yote. Wanaopokea video ni mafungu mengi, na kila fungu lina namna yake ya kutenda. Watazamaji huandika. Vituo hupiga wimbo au huacha. Wenye matangazo hulipa au hujitoa. Serikali hutoa kibali au hunyima. Mashabiki hununua tiketi au hubaki nyumbani. Maoni ya mtandaoni ni fungu moja tu kati ya hayo, na ndilo rahisi kulipata, ndiyo maana kila mtu hulichukua na kuliita "umma". Ukitaka ukweli, linganisha maneno na vitendo.

Kwa Beyoncé, mwito wa kumsusia ulienea sana mtandaoni. Ukaitishwa mkutano wa kumpinga tarehe 16 Februari mbele ya makao makuu ya NFL, ligi yenyewe ya mpira wa Kimarekani, jijini New York. Waliojitokeza kumpinga walikuwa wachache mno, wakazidiwa na waliokuja kumuunga mkono. Chama cha polisi wa Miami kikawahimiza wanachama wake wasifanye ulinzi kwenye tamasha lake. Tamasha likafanyika mjini humo tarehe 27 Aprili kama lilivyopangwa, na hapo hapo zikauzwa fulana zenye maandishi ya mwito ule wa kumsusia. Kelele zilikuwa za kweli, hasira za askari wengi zilikuwa za kweli, lakini mlango wa uwanja ulitoa jibu tofauti.

Usidhani kelele daima hazina matokeo. Julai 2023 mwimbaji Jason Aldean alitoa video ya "Try That in a Small Town". Alirekodi mbele ya mahakama ya Columbia, Tennessee, mahali ambapo mwaka 1927 kijana mweusi aitwaye Henry Choate aliuawa na kundi la watu na kutundikwa. Wimbo ulikuwa umeshatoka tangu Mei bila mtikisiko mkubwa. Watu wakapiga kelele juu ya video hiyo, na kituo cha televisheni cha muziki, CMT, kilipoiondoa, waliokasirishwa na uamuzi huo wakaanza kuununua, wimbo ukapanda mpaka namba 1 kwenye chati ya Billboard Hot 100. Wiki iliyofuata ukaporomoka hadi namba 21. Chati hiyo huchanganya mauzo, usikilizaji wa mtandaoni na redio. Mauzo hupanda kwa hasira ya siku chache, ila redio na usikilizaji wa kila siku havipandi hivyo. Ukiona wimbo umeruka juu baada ya kupigwa marufuku, subiri wiki ya pili ndipo useme umependwa.

Liko pia fungu ambalo hesabu ya "wanapenda, hawapendi" hulimeza kabisa. Kuna watu weusi wa Marekani waliokubaliana na Beyoncé juu ya polisi, lakini wakaumizwa na picha za mafuriko ya kimbunga Katrina kilichoipiga New Orleans mwaka 2005 kutumiwa kama pambo la wimbo. Hao utawaweka wapi? Watengenezee safu yao. Kipindi chako kitapendeza zaidi hapo kuliko kwenye ugomvi wa pande mbili, na ningekushauri uwape dakika nyingi.

Kuhusu kuhesabu maoni. Usisome yale yaliyo juu tu, maana mtandao huyapanga kwa kupendwa, na yaliyopendwa ni yale makali au ya kuchekesha. Chukua 50 ya juu, kisha badilisha mpangilio uchukue 50 mapya kabisa. Rudia siku ya tatu na siku ya saba. Nakili maneno yenyewe kwenye daftari pamoja na saa, kwa sababu maoni hufutwa. Maneno yaleyale yakijirudia kutoka akaunti tofauti, yahesabu mara moja uandike pembeni kwamba yamejirudia. Angalia akaunti imefunguliwa lini na inazungumza nini siku nyingine. Kwetu Uganda hili si la kupuuza: Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, Facebook ilifunga akaunti ilizosema zilikuwa za udanganyifu na zimeunganishwa na ofisi ya wizara ya habari na teknolojia, serikali nayo ikaifunga Facebook nchini. Tangu hapo wengi huingia kwa VPN, programu inayoficha mtu yuko wapi, basi usimwamini mtu anayekuonyesha ramani ya maoni yametoka wilaya gani. Na Waganda walio nje huandika kwa uhuru zaidi kuliko aliye Gulu au Masaka. Wasome, ila wataje kuwa wako nje pale inapojulikana.

Kumbuka na wasiohesabiwa. Vijana wa sokoni huhamishiana video kwa memori kadi. Wengine wameona kipande cha sekunde 30 kilichokatwa na kupitishwa WhatsApp. Wengine wameiona kwenye kibanda cha video. Hakuna hata mmoja wao aliye kwenye namba ya YouTube. Tuma mtu na maswali mawili tu: umeiona nzima au kipande? Ni picha gani unayoikumbuka? Swali la pili hufichua mengi kuliko "umeipenda?"

Ukifika kwenye mifano ya kwetu, chukua "Tubonga Nawe" wa mwaka 2015, wimbo wa wasanii wengi wakubwa wa kumuunga mkono Rais Museveni kuelekea uchaguzi wa 2016. Hasira za mashabiki ziliwaendea wasanii wenyewe, kwa kusimama walikosimama, mpaka watu wakatangaziana kutokwenda kwenye maonyesho yao. Wimbo wenyewe ulijadiliwa kidogo. Kwa Bobi Wine, mwanamuziki aliyegeuka mwanasiasa wa upinzani, tangu aingie Bungeni mwaka 2017, sehemu ya kutazama ni vibali vya matamasha: tarehe 22 Aprili 2019 polisi walizuia onyesho lake Busabala, karibu na Kampala. Jirani zetu Tanzania wana mfano wa serikali kupingana yenyewe. Machi 2017 rapa Nay wa Mitego alikamatwa kwa ajili ya "Wapo", wimbo uliodaiwa kuikashifu serikali, na wimbo ukafungiwa. Haikupita siku mbili waziri akatangaza kwamba Rais Magufuli ameagiza aachiwe na wimbo upigwe. Kwa hiyo usiseme "serikali ilichukia". Taja ofisi gani, siku gani.

Hewani sasa. Sheria yetu ya Mawasiliano ya mwaka 2013, kwenye jedwali lake la nne, inadai kipindi kisichochee vurugu wala chuki za kikabila, kiwe na uwiano, na kikiwa cha habari kisipotoshe ukweli. Sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta ya 2011 iliongezewa makosa ya matamshi ya chuki na taarifa zenye nia mbaya mwaka 2022. Januari 2023 Mahakama ya Katiba ikafuta kifungu cha 25 cha sheria hiyo ya kompyuta, kilichohusu mawasiliano ya kuudhi. Mambo haya hubadilika, muulize wakili wa kituo hali ilivyo wiki hiyo. Kwa vitendo: usisome jina kamili la mwandishi wa maoni, usisome tuhuma ya kosa la jinai dhidi ya mtu aliye hai, na usitafsiri papo hapo. Tafsiri iandikwe mapema na mtu wa lugha hiyo, maana matusi ya Kiganda cha mtaani hupita mbele ya mtangazaji asiyeyajua. Simu za moja kwa moja zipitie kifaa cha kuchelewesha sauti. Kama hamna, rekodi simu mchana mzirushe hewani jioni. Wale wapiga simu wa kila siku unawajua kwa sauti. Wape nafasi mbili, zinazobaki ziwe za wageni.

Nitumie daftari la maoni kabla ya Ijumaa. Ya Kilugbara nitayatafsiri mimi, na ya Kinubi shangazi yako wa Bombo yuko tayari. Ya Kiacholi sina mtu, mtafute huko huko Kampala.

Mama yako