Barua kwa mwanangu: kwa nini sikuwahi kumwita Napoleon shujaa

Mwanangu mpendwa,

Sisi hatujambo, mama yako anakusalimu sana. Umeniandikia kwamba ulipoingia Les Invalides, jengo la Paris alimozikwa Napoleon, ukaona jeneza lake na umati wa watu wamesimama kimya kulitazama, ulikumbuka jinsi nilivyowasimulia vita vyake mkiwa wadogo bila kumwita shujaa hata siku moja. Unauliza: "Kijana wa kisiwani, aliyechekwa shuleni kwa lafudhi yake, akafika kuwa kaizari. Si ndiye mtu ambaye ungetaka tumwige?" Nitakujibu, na sitamdhulumu haki yake.

Ni kweli alianzia mbali. Alizaliwa Ajaccio, Corsica, tarehe 15 Agosti 1769, mwaka mmoja baada ya Genoa kukikabidhi kisiwa hicho kwa Ufaransa. Alipelekwa shule ya kijeshi ya Brienne akiwa na miaka tisa, Kifaransa chake bado kikisuasua, na kwenye miaka 16 akawa luteni wa pili wa mizinga. Zamani vyeo vikubwa vilikuwa vya wana wa mabwana. Mapinduzi ya 1789 yakafungua mlango, naye akapita. Huko Toulon, kusini mwa Ufaransa, mwaka 1793, Waingereza wakiwa wameishika bandari, aliona kwamba hapakuwa na haja ya kuuvamia mji. Ukiishika ngome inayoitazama bandari na kuelekeza mizinga kwenye meli, meli zitang'oa nanga zenyewe. Zikang'oa. Akafanywa jenerali akiwa na miaka 24.

Kwa vita, sijui wangapi wa zama zake unaoweza kuwaweka naye. Aliligawa jeshi katika vikosi vikubwa, kila kimoja kikiwa na askari wa miguu, wapanda farasi na mizinga yake, chenye uwezo wa kupigana peke yake mpaka wenzake wafike. Vilipita njia mbalimbali, vikajitafutia chakula humo humo vinamopita, kisha vikakutana siku ya vita. Ndiyo maana adui alikuwa akimkuta pale asipomtarajia.

Austerlitz, tarehe 2 Desemba 1805, ndiyo vita niliyokuwa nikiwasimulia kwa kuchora mchangani. Alikuwa amevishika vilima vya Pratzen, akaviacha kwa makusudi. Upande wake wa kulia akaufanya uonekane dhaifu ili Warusi na Waaustria wavutike kuushambulia. Kikosi cha jemadari wake Davout kilikuwa kimetembea kutoka Vienna zaidi ya kilomita 100 kwa takriban siku mbili, kikafika kwa wakati kuuzuia upande huo usivunjike. Adui walipoanza kuteremka, askari wa jemadari wake mwingine, Soult, walikuwa bondeni, wamefichwa na ukungu wa asubuhi. Wakapanda vilima vilivyoachwa na kulikata jeshi la wafalme wawili katikati. Hata leo nikiisoma habari ile moyo unanienda mbio.

Sasa sikiliza upande wa pili. Ningeweza kukutajia Jaffa, mji wa Palestina, 1799, ambako mateka waliokwisha kuweka silaha chini waliuawa kwa maelfu kwa amri yake. Lakini kilichonizuia mimi ni sheria ya tarehe 20 Mei 1802.

Bunge la mapinduzi lilikuwa limepiga marufuku utumwa tarehe 4 Februari 1794. Napoleon, akiwa mtawala wa Ufaransa, akarudi nyuma. Sheria ile ilisema utumwa uendelee katika makoloni kama Martinique, kisiwa cha Karibi, na katika yale yaliyo ng'ambo ya Rasi ya Tumaini Jema, na biashara ya watumwa iwe halali. Ng'ambo ya Rasi maana yake Île de France na Bourbon, ambavyo leo ni Mauritius na Réunion. Huko matajiri walikuwa wameikataa amri ya 1794 na kuwafukuza wajumbe walioileta mwaka 1796; sasa wakapewa sheria ya kuwalinda. Na watumwa wao walitoka wapi? Wengine Bukini (Madagascar), wengi Msumbiji, na wengine hapa kwetu Kilwa. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice alifunga mkataba na sultani wa Kilwa wa kumpatia watu 1,000 kila mwaka. Siwatakasi wa kwetu waliouza. Lakini mtu aliyeinuliwa na mapinduzi ya usawa, akijua fika aliinuliwa na nini, akawafungia wengine mlango ule ule, huyo siwezi kumwekea jina la shujaa.

Guadeloupe, kisiwa kingine cha Karibi, Louis Delgrès, ofisa aliyeongoza upinzani, na wafuasi wake walijilipua kwa baruti huko Matouba tarehe 28 Mei 1802 kuliko kurudi utumwani. Saint-Domingue, koloni ambalo leo ni Haiti, Napoleon alimtuma shemeji yake Leclerc na jeshi kubwa. Toussaint Louverture, aliyezaliwa mtumwa akafika kuwa jenerali, alikamatwa kwa hila na kufungwa Fort de Joux, kwenye baridi ya milima ya Jura, akafa humo Aprili 1803. Mwanangu, kama unatafuta kijana wa kisiwani wa kumwiga, mtazame huyo. Jeshi la Wafaransa lilimalizwa na homa ya manjano na watu waliokataa kurudi kwenye mashamba ya miwa. Tarehe 1 Januari 1804 Haiti ikatangaza uhuru. Tarehe 2 Desemba mwaka huo huo, ndani ya kanisa la Notre-Dame, Paris, Napoleon alijivika taji mwenyewe, Papa Pius VII akitazama.

Kuanguka kwake unakujua. Urusi, 1812, jeshi la mamia ya maelfu liliingia katika nchi iliyochomewa chakula mbele yao, na utaratibu wa kujitafutia njiani ukawaua. Waliorudi walikuwa makumi ya maelfu tu. Kisha akashindwa Leipzig, akahamishiwa kisiwa cha Elba, akarudi madarakani kwa siku mia moja, akashindwa kabisa Waterloo tarehe 18 Juni 1815. Katika siku hizo mia moja aliipiga marufuku biashara ya watumwa, na hilo nalihesabu. Utumwa wenyewe hakuugusa.

Alifia uhamishoni katika kisiwa cha Saint Helena tarehe 5 Mei 1821. Réunion, watumwa hawakuachiwa huru mpaka tarehe 20 Desemba 1848. Walikuwa watu zaidi ya 60,000, na miongoni mwao wamo waliotoka pwani hii.

Ni mimi baba yako.