Chawa wanaorudi kila likizo: jibu la msusi kwa mama wa binti wa bweni

Dada uliyeuliza kuhusu binti yako wa kidato cha tatu, kwamba kila akija likizo ana chawa, unampaka dawa wanaisha, akirudi tena mwezi wa sita anakuja nao: nimesoma majibu ya wenzangu nikaona na mimi niandike. Ni msusi hapa Dodoma, upande wa Nkuhungu, na nyumbani nina mabinti wawili wa sekondari na mdogo wao wa kiume. Hawa wadudu nawajua kazini na nyumbani.

Waliokwambia "ni uchafu, muogeshe" wamekuonea. Chawa wa kichwani hajali kichwa kimeoshwa lini, anataka damu na joto la ngozi. Haruki wala hana mbawa. Anatambaa kutoka unywele hadi unywele pale vichwa viwili vinapogusana, na hawa wakubwa wanagusana vichwa kuliko tunavyodhani. Prepu wawili wanasoma daftari moja, usiku baridi ya Dodoma ya mwezi wa saba ikikaza wanalala wawili kitanda kimoja, Jumamosi wanasukana, mmoja kalaza kichwa mapajani kwa mwenzake. Wakija likizo ndiyo wanabanana watatu kwenye simu moja.

Sasa kwa nini wanarudi. Jike anataga mayai kila siku na kuyagandisha kwenye unywele karibu kabisa na ngozi. Dawa nyingi zinaua chawa wanaotembea, mayai yanabaki yote au baadhi. Yai linaanguliwa kwenye siku ya 7 hadi ya 10 hivi, na kale katoto kanahitaji kama siku 9 hadi 12 mpaka nako kaanze kutaga. Ndiyo maana losheni ya permethrin ya asilimia 1 hupakwa kwenye nywele zilizooshwa bila kondishena na kukaushwa kidogo kwa taulo, unaacha dakika 10, unasuuza, halafu unarudia siku ya 9. Hiyo siku ya 9 ndiyo watu wanairuka, maana mtoto kashaacha kujikuna na hela ya chupa ya pili inauma. Halafu wanasema dawa ni feki. Nakubali kuna sehemu chawa wameizoea permethrin, ila kabla ya kuilaumu uliza kwanza kama ilirudiwa.

Mimi sitegemei dawa peke yake, nategemea kitana cha meno ya karibu. Fumua kwanza. Usinipe habari ya kupaka dawa juu ya rasta, chini kule haifiki. Nawajua mabinti wa namna hiyo wakikaa kwenye kiti changu: hawajikuni, wanapigapiga kichwa kwa kiganja kwa sababu kucha hazipiti kwenye misuko. Ukishafumua, osha, mwaga kondishena ya kutosha nywele zilale, tanua na chanuo, gawa mafungu manne, kila fungu uligawe tena vipande vyembamba. Anzia kisogoni na nyuma ya masikio, huko ndiko wanakopenda. Chana kuanzia kwenye ngozi hadi ncha, kila ukivuta futa kitana kwenye kitambaa cheupe. Utamwona kama punje ya ufuta yenye miguu. Rudia kila baada ya siku 3 au 4 kwa wiki mbili, na ukimuona hata mmoja mwishoni, endelea. Maji hayahitajiki mengi, hata wiki za mgao ndoo moja inatosha vichwa viwili.

Kama nywele zake ni kipilipili kizito, sikudanganyi, kitana cha chawa kitakwama. Hapo ni dawa mara mbili, mafuta ya nywele kidogo, na kuchambua kwa kucha. Yai si mba: ukilipuliza haliruki, lazima ulivute kwa kucha mpaka ncha ya unywele. Lililo karibu na ngozi, la kahawia, hilo ndilo la kuhangaika nalo. Jeupe lililo mbali ni ganda. Nywele huota kama sentimita 1 kwa mwezi, kwa hiyo ganda lililo sentimita 2 kutoka kwenye ngozi ni la zamani, na kumrudisha mtoto nyumbani kwa ajili ya ganda naona ni uonevu.

Siku unayoanza, kagua vichwa vyote vya nyumbani na watibiwe kwa pamoja wote wenye chawa, akiwemo kaka mtu mwenye afro na wewe mwenyewe. Na hapa ndipo tatizo lako lilipo, dada: wewe unatibu kichwa kimoja, wale anaolala nao wanabaki. Muulize kwa upole analala karibu na nani na nani anamsuka, kisha wapigie mama zao kabla shule hazijafunguliwa. Utaona aibu dakika mbili, na huenda na wao wanahangaika kimya kimya kama wewe. Matroni naye aambiwe pembeni, si kwenye mstari. Usimkague binti mbele ya wageni au wajomba. Akiona aibu atakuficha, na mficha chawa hutamtibu. Wangu wananikatalia mimi, wanakaguana wenyewe kwa wenyewe, nami sina shida.

Mashuka usijichoshe nayo. Chawa akitoka kichwani hamalizi siku mbili. Foronya, mtandio na kofia zifuliwe kwa maji ya moto, vitana viloweke dakika 10 kwenye maji ambayo mkono hauvumilii, basi. Kuna mwenzetu aliyekujibu akataja papasi: huyo ni mwingine kabisa, anakaa kwenye sakafu na kuta za udongo za matembe, zile nyumba za asili za huku, na ndiye anayeleta homa ya papasi. Chawa wa kichwani anakuwasha tu.

Mafuta ya taa, hapana. Yanaunguza ngozi, na binti anasogea kwenye jiko la mkaa na kichwa kilicholowa mafuta ya taa. Dawa ya kuogeshea ng'ombe, ambayo naona imependekezwa tena na tena, ni sumu inayopenya kwenye ngozi. Hata ya kupulizia mbu usiguse. Chawa wakigoma kabisa nenda hospitali, kuna vidonge vya ivermectin lakini daktari ndiye anaandika.

Kunyoa kunamaliza kazi siku hiyohiyo, sibishi. Ila kwa msichana wa miaka 16 aamue mwenyewe, nywele ni zake.

Niambie nywele zake ni za dawa au za asili, na zina urefu gani, nikueleze namna ya kuzigawa.