Gari Limebeba Nini? Ninavyosoma Majaribio ya Langalanga Kabla ya Msimu

Kila Februari simu yangu hujaa picha za jedwali moja. Hutumiwa na vijana wa Chikongola, na jamaa wa Mikindani, na binamu yangu aliye Masasi: orodha ya madereva wa Langalanga, yaani Formula One, iliyopangwa kwa muda wa mzunguko waliouweka kwenye majaribio ya kabla ya msimu, na chini yake swali lilelile, "Kaka, mwaka huu nani?" Nami huwajibu kwa swali. Huyo aliye juu, alipoweka muda huo, gari lake lilikuwa limebeba nini?

Swali hilo nililipata kwa gharama, na gharama yenyewe aliilipa mtu mwingine.

Mwaka 2019 majaribio yalifanyika Barcelona, siku nane ndani ya wiki mbili. Sebastian Vettel wa Ferrari alimaliza akiwa juu ya orodha kwa muda wa 1:16.221, na Lewis Hamilton wa Mercedes akawa nyuma yake kwa sekunde 0.003. Lile gari jekundu lilionekana tulivu tangu siku ya kwanza, nami nikaamini. Nikamwambia binamu, kwa uhakika wa mtu aliyeshinda siku nzima akitazama namba, kwamba mbio za kwanza za msimu, za Melbourne, ni za Ferrari. Alikuwa ametoka kupokea malipo yake ya mwisho ya korosho. Sikumwambia abeti, lakini nilijua anabeti, na sikumzuia. Tarehe 17 Machi Valtteri Bottas wa Mercedes alishinda, Hamilton akawa wa pili, Max Verstappen wa tatu, na Vettel akaingia wa nne, sekunde 57 nyuma ya mshindi. Msimu mzima Ferrari walishinda mbio tatu tu. Binamu hakunilaumu. Mke wake ndiye aliyeniuliza, kwa upole kabisa: "Shemeji, hivi ulikuwa unaangalia nini hasa?"

Sikuwa na jibu. Jibu nilikuja kulipata barabarani, kwenye kazi yangu mwenyewe.

Wakati ule nilikuwa utingo wa Fuso. Tulikuwa tunapanda Newala na saruji, tunashuka Mtwara na korosho. Jioni madereva wakikutana, kila mmoja anataja saa aliyotoka na saa aliyofika, na kijana mgeni humshangilia mwenye saa chache. Wazee wa kazi hawashangilii. Wanauliza kwanza: ulipanda na mzigo au tupu? Kuna mvua au kumekauka? Matairi mapya au yamekwisha? Wakishajua hayo ndipo wanasema gari fulani lina nguvu. Siku moja nikiwa nimekaa pembeni nawasikiliza, nikatambua kwamba hayo maswali matatu ndiyo niliyopaswa kuyauliza kuhusu Barcelona, na sikuuliza hata moja.

Mzigo wa gari la Langalanga ni mafuta. Kanuni za hadi 2025 zilimpa dereva kilo 110 za mafuta kwa mbio nzima. Kwenye uwanja wa Sakhir kule Bahrain, ambako majaribio mengi ya miaka ya karibuni yamefanyika, mzunguko mmoja una kilomita 5.412, na hesabu ya kukadiria ni kwamba kila kilo 10 za mafuta hugharimu takribani sekunde 0.3 kwa mzunguko. Kwa hiyo gari lililobeba kilo 60 na lililobeba kilo 10, hata yakiwa sawa kwa kila kitu kingine, yatatofautiana sekunde moja na nusu. Tofauti hiyo inatosha kumshusha dereva kutoka juu ya jedwali hadi mkiani. Na hakuna timu inayotangaza imeweka mafuta kiasi gani.

Matairi nayo yana mambo yake. Kampuni ya Pirelli hutengeneza aina zinazoanzia C1, gumu kuliko yote, na kadiri namba inavyopanda tairi linakuwa laini zaidi. Laini linashika barabara vizuri zaidi lakini linakwisha upesi. Jedwali zuri huandika aina ya tairi pembeni ya muda. Picha ninazotumiwa karibu zote zimekatwa hapo hapo, ukingoni mwa safu hiyo, kwa hiyo ombi langu la kwanza kwako ni dogo: usisambaze picha iliyokatwa.

Halafu kuna saa. Hapa sisi tuna bahati, maana saa ya Bahrain na saa ya Tanzania ni moja. Majaribio ya 2025 yalikuwa yakianza saa 4 asubuhi na kufungwa saa 1 usiku, bila haja ya kujumlisha wala kutoa. Lakini jua la kule huzama mapema kuliko letu mwezi huo. Mchana lami inakuwa ya moto na matairi yanateleza. Jioni inapoa, na magari yanaongeza kasi bila fundi kugusa kitu. Muda uliowekwa saa 7 mchana na uliowekwa saa 12 jioni usiziweke kwenye mizani moja. Saa ile ya jioni ndiyo yenye maana zaidi, kwa kuwa kufuzu (kugombea nafasi za kuanzia mbio) na mbio zenyewe za Bahrain huendeshwa baada ya giza kuingia. Upepo wa jangwani nao huleta mchanga barabarani. Ukiona kila gari limepungua kasi kwa wakati mmoja, kosa si la gari lolote.

Sasa nije kwenye jambo ninalolipenda kuliko yote, mikimbio mirefu. Mzunguko mmoja wa haraka ni rahisi kuupamba. Mizunguko 15 mfululizo ni vigumu. Ninachofanya ni kufungua programu ya muda kwenye simu, kuchagua timu tatu au nne tu, na kuandika daftarini muda wa kila mzunguko tangu gari linapotoka hadi linaporudi. Bando likiisha au umeme ukikatika naacha mstari mtupu, sibahatishi. Baada ya hapo napiga hesabu hii. Kilo 110 kugawa kwa mizunguko 57 ya mbio za Bahrain ni karibu kilo 2 kwa mzunguko. Maana yake gari linapunguza uzito na kujiongezea kama sekunde 0.06 kila linapozunguka. Tuseme gari limeanza na 1:36.5 na baada ya mizunguko 15 liko 1:37.3. Kwa macho limepoteza sekunde 0.8. Lakini wepesi wa mafuta ulilipa karibu sekunde 0.9, kwa hiyo matairi yamekula karibu 1.7. Gari jingine lililoanza na 1:36.9 na kumaliza na 1:37.0 lilionekana la polepole mwanzoni, lakini ndilo ambalo mimi ningelichagua kwa Jumapili. Lami ya Sakhir ni ya kukwaruza, na gari linalotunza matairi pale lina kitu cha kweli.

Mwaka 2025 ulinipa mfano ninaouonyesha watu hadi leo. Aliyekuwa juu ya jedwali la siku zote tatu ni Carlos Sainz wa Williams, kwa 1:29.348. Majina ya McLaren hayakuwa juu kabisa. Lakini siku ya pili Lando Norris alikimbia mkimbio mrefu wa urefu wa mbio, na namba zake zilikuwa imara kuliko za wote niliowaandika jioni ile. Nikamtumia binamu picha ya ukurasa wa daftari, bila jina la mshindi, nikamwambia asome mwenyewe. Norris alishinda mbio ya kwanza Melbourne, McLaren wakachukua ubingwa wa timu, naye akachukua wa madereva. Williams walimaliza wa tano, msimu mzuri kwao, lakini mbali na kile jedwali lilichoahidi.

Timu zinaficha, na zinaficha kwa njia unazoweza kuziona. Kila mzunguko umegawanywa sehemu tatu. Utaona dereva ameweka muda mzuri sehemu ya kwanza na ya pili, kisha anaachia pedali sehemu ya tatu, au anaingia gereji kabla ya mstari. Jedwali haliandiki kitu, ila yule mwenye daftari ameshajua. Na ukiona gari limefungwa vyuma vilivyosukwa kama wavu wa kuvulia nyuma ya magurudumu, au limemwagiwa rangi ya kijani kwenye mabawa, wanapima mkondo wa hewa. Muda wake saa hiyo upite tu.

Wengine wanafanya kinyume, wanajionyesha. Majira ya baridi ya kuingia 2001 timu ya Prost ilikuwa ikitafuta wadhamini, na Jean Alesi akaweka muda wa kuvutia kwenye majaribio. Msimu ulipoanza walipata pointi nne tu, na mapema 2002 timu ikafa. Ndiyo maana 2009, timu mpya ya Brawn GP walipojitokeza kwa kuchelewa mwezi Machi na kuwapita wote, wengi walidhani ni mchezo uleule wa mafuta kidogo. Haukuwa. Jenson Button alishinda Melbourne, Rubens Barrichello wa pili, na wakachukua mataji yote mawili. Dalili moja, magonjwa mawili tofauti, na ukitazama mzunguko mmoja tu huwezi kuyatenganisha.

Idadi ya mizunguko nayo naiandika, lakini naipa uzito wa kadiri. Mwaka 2014 kule Jerez Red Bull walipata mizunguko 21 tu kwa siku nne, wakati Mercedes walipita 300. Mercedes wakawa mabingwa, hapo idadi ilisema kweli. Lakini Red Bull haohao walishinda mbio tatu mwaka huo kupitia Daniel Ricciardo na kumaliza wa pili. Mwaka 2021 Mercedes walisumbuliwa na giaboksi kwenye majaribio ya Bahrain, na bado Hamilton alishinda mbio ya kwanza palepale. Kuharibika kwa gari Februari kunakuambia mafundi watakosa usingizi. Kasi ni habari nyingine.

Kuhusu madereva nitakuwa mkali kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanawaonea wenzao. Kwenye majaribio kila timu ina gari moja, na madereva wawili wanagawana, mmoja asubuhi, mwenzake mchana. Wanaotoka timu moja hawakukimbia saa ileile, wala kwa mafuta yale yale, wala kwa kazi ile ile. Mwaka 2025 Hamilton, akiwa mgeni Ferrari, alimaliza majaribio mbele kidogo ya Charles Leclerc. Vijana wangu walishamzika Leclerc. Msimu ulipokwisha Leclerc ndiye aliyekuwa na pointi nyingi, na Hamilton hakupanda jukwaani hata mara moja kwenye mbio za Jumapili. Ukitaka kumpima dereva Februari, tazama kitu kimoja tu: ndani ya mkimbio mrefu, muda wake unapanda taratibu au unarukaruka? Anayerukaruka bado hajaelewana na gari. Zaidi ya hapo mwache mpaka aanze kufuzu.

Kanuni mpya za 2026 zimeongeza mzigo mwingine usioonekana. Mota ya umeme imepanda kutoka kilowati 120 hadi 350, na karibu nusu ya nguvu ya gari inatoka kwenye umeme. Dereva anaweza kuimaliza betri yote kwa mzunguko mmoja wa kujionyesha na kuukosa umeme kwenye mzunguko unaofuata. Kwa hiyo safu ya daftari langu imeongezeka: mzunguko wa haraka, na pembeni yake mzunguko uliofuata. Wa pili ukishuka sana, wa kwanza naukata kwa mstari, siuhesabu.

Na kama una fedha ya korosho mfukoni, ndugu yangu, ikae. Nimeshamwambia binamu, na mke wake alikuwepo akisikia. Iache hadi Jumamosi ya kufuzu kwa mbio ya kwanza, kwa sababu hiyo ndiyo siku ya kwanza magari yote yanabeba mafuta kidogo, yanavaa tairi laini, na yanakimbia kwa saa ileile. Jioni hiyo nalifungua daftari la Februari, nalilaza pembeni ya jedwali, na naanza kuhesabu nilikosea wapi.