Jibu: 4294967297 ni namba tasa au la?

Habari mkuu. Umesema umeigawa 4294967297 kwa namba tasa zote mpaka 100 na kila mara kuna baki. Acha njia hiyo. Mimi nilimaliza kurasa mbili za daftari bure. Tazama kwanza namba yenyewe: ni 2 kwa kipeo cha 32, ukaongeza 1. Kigawo tasa chochote cha namba hii, ukikigawa kwa 128, lazima kibaki 1. Basi jaribu 129, 257, 385, 513, 641. Tasa humo ni mbili tu. 257 inabakisha 2. 641 inaingia kamili, mara 6700417, nayo ni tasa. Usione aibu: Fermat mwenyewe, mwanahisabati mkubwa wa zamani, aliamini ni tasa, mpaka mwanahisabati mwenzake Euler alipoipasua mwaka 1732. Kikokotoo cha tarakimu nane hakitoshi, gawanya kwa mkono.