Chujio la maji kabla ya pampu: ushauri kwa wenye malori ya zamani ya dizeli

Ninamiliki lori la Mitsubishi Fuso Fighter lenye injini ya 6D16, silinda sita na ujazo wa lita 7.5, ambalo kwa misimu kadhaa limebeba korosho ghafi kutoka vyama vya msingi vya Tandahimba na Newala hadi maghala ya Mtwara, na wakati wa kurudi hupandisha saruji. Katika misimu miwili iliyofuatana nililazimika kufungua pampu ya dizeli, ile inayosukuma mafuta kwa nguvu kubwa kwenda kwenye silinda, mara mbili na kubadilisha nozeli zote sita, yaani midomo inayonyunyizia mafuta hayo ndani ya silinda, nikiamini kwamba lori limechoka. Halikuwa limechoka. Tatizo lilikuwa maji na uchafu katika mafuta, na dawa yake ilikuwa kuongeza chujio moja la kutenganisha maji mahali panapostahili. Ninaandika kwa sababu ninaona malori mengi ya kusini mwa Tanzania yakifa kifo kilekile.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kalenda yetu. Korosho huanza kusafirishwa kwa wingi mwezi Oktoba, na mvua za kusini, ambazo ni za msimu mmoja tu, huanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili au Mei. Lori la korosho hufanya kazi usiku na mchana kwa miezi michache, kisha hulala uani katika kipindi ambacho hewa imejaa unyevu, mara nyingi likiwa na tanki lililobaki nusu. Kila usiku tanki linapopoa huvuta hewa ya nje kupitia tundu lake la kupumulia, na unyevu wa hewa hiyo hugeuka matone kwenye kuta za chuma. Lita moja ya dizeli ina uzito wa takriban gramu 840 na ya maji ni gramu 1,000, kwa hiyo matone hayo huteremka hadi sakafu ya tanki na kukaa huko. Pale maji na dizeli vinapokutana huota kuvu na bakteria, ambavyo huishi ndani ya maji na kujilisha dizeli, na kazi yao utaiona kama utando mweusi unaoteleza na kunuka uvundo. Lori likiwa limeegeshwa, utando huo umetulia. Siku ya kwanza ya kazi, baada ya kilomita chache za makorongo, wote unapanda juu kwa pamoja.

Hivyo ndivyo nilivyokwama nikiwa na mifuko 160 ya saruji katika mlima wa kutoka Masasi kwenda Newala. Nguvu zilipungua, injini ikaanza kukohoa, kisha ikazima. Utingo alipofungua filta ya dizeli, tulimwaga maji ya rangi ya chai pamoja na ute. Tuliweka filta mpya tuliyokuwa nayo, tukatoa upepo kwenye mabomba ya mafuta, tukaenda kilomita zisizozidi kumi, na hali ikajirudia. Tulilala hapo.

Fundi pampu aliyenihudumia, mzee aliyefanya kazi hiyo tangu ujana wake, baada ya kuitikia shikamoo yangu alinionyesha pistoni ndogo ya pampu chini ya mwanga wa taa. Ilikuwa na mikwaruzo ya wima na madoa ya kutu. "Mwanangu," aliniambia, "pampu hii haikufa kwa uzee, imekufa kwa maji." Alinieleza kwamba nafasi kati ya pistoni ile na silinda yake ni mikroni mbili au tatu tu (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), ilhali unywele wa binadamu una unene wa takriban mikroni 70. Chembe ambayo jicho haliioni inatosha kukwaruza chuma kile. Pistoni hiyo na sindano ya nozeli hulainishwa na dizeli yenyewe, si kitu kingine, kwa hiyo tone la maji linapopita sehemu hiyo hubaki bila kilainishi. Likifika kwenye ncha ya nozeli yenye joto kali hugeuka mvuke ghafla na linaweza kupasua ncha hiyo.

Baada ya hapo nilifanya kosa ambalo ninakuomba usilirudie. Nilikwenda dukani kutafuta chujio la kuongeza na kuchagua lenye matundu madogo kuliko yote, la mikroni 2, nikalifunga kati ya tanki na pampu ya kuvutia mafuta, ile ndogo inayovuta dizeli tankini na kuipeleka kwenye pampu kubwa. Kwa siku tatu lori lilikwenda vizuri. Siku ya nne lilianza kukosa nguvu kila lilipopanda kilima likiwa na mzigo, na nikadhani pampu kubwa imeharibika tena. Ukweli ni kwamba pampu ya kuvutia ya injini hizi ni dhaifu katika kuvuta na ina nguvu zaidi katika kusukuma. Upande wa kuvuta, chujio laini sana huziba upesi na pampu hubaki ikinyonya utupu. Kwa hiyo mpangilio sahihi ni chujio la matundu makubwa zaidi, la mikroni 30, lenye uwezo wa kutenganisha maji, kati ya tanki na pampu ya kuvutia. Kisha filta laini ya asili ya injini, iliyo baada ya pampu hiyo, inaachwa mahali pake. La kwanza linakamata maji, kutu na ute, na la pili linamalizia chembe ndogo.

Uwezo wa chujio la kwanza upimwe kwa mafuta yanayozunguka, si kwa mafuta yanayoungua. Pampu ya kuvutia hupitisha mafuta mengi kuliko injini inavyotumia na ziada hurudi tankini, hivyo lori linalounguza lita 20 kwa saa linaweza kuwa linazungusha mara kadhaa ya kiasi hicho. Mimi nilifunga chujio la chapa ya Racor la mfululizo wa 900, ambayo mtengenezaji ameikadiria lita 341 kwa saa. Ile ndogo ya 500 imekadiriwa lita 227 na kubwa ya 1000 lita 681. Ndani yake mafuta huzungushwa ili matone mazito yaangukie kwenye bakuli angavu lililo chini, na kinachobaki hupita kwenye karatasi iliyotiwa dawa ya kukataa maji. Karatasi zake hutofautishwa kwa rangi: nyekundu ni mikroni 30, buluu ni 10, na kahawia ni 2. Nenda na rangi kichwani, kwa sababu muuzaji asiyejua atakupa yoyote inayoingia.

Namba ya mikroni peke yake, hata hivyo, inaweza kukudanganya. Filta mbili zote zinaweza kuandikwa mikroni 10, moja ikiwa inazuia nusu tu ya chembe za ukubwa huo, na nyingine ikiwa inazuia chembe 74 katika kila 75, yaani zaidi ya asilimia 98. Ukiona kwenye boksi maelezo ya uwiano wa beta, yaani chembe ngapi zinafika kwenye filta kwa kila moja inayopenya, soma hapo: beta ya 75 ni filta ya kutegemewa, na beta ya 2 ni ile inayozuia nusu. Kwa filta ya pili, ile ya kwenye injini, sipendekezi kabisa kununua ya bei ya chini.

Ufungaji ndio unaoamua kama utaifurahia kazi hii au utaijutia. Upande wa kuvuta, mwanya mdogo hauvujishi mafuta nje. Huingiza upepo ndani, na unaweza kuhangaika wiki nzima ukitafuta tone ambalo halipo. Tumia hozi ya dizeli yenye kipenyo cha ndani kisichopungua kile cha bomba la asili, usitumie mpira wa maji, na punguza kona. Washa za shaba, yaani pete za kuzibia viungo vya bomba, ziwe mpya. Kama hakuna, zichomwe hadi ziwe nyekundu na kupozwa ili zilainike, ndipo zifungwe. Ile tepu nyeupe ya mafundi bomba isikaribie mfumo huu, kwa sababu nyuzi zake hukatika na kusafiri hadi kwenye pampu. Ili kuhakikisha hakuna upepo, niliunga kipande kifupi cha hozi angavu ya dizeli kabla ya pampu ya kuvutia, nikaendesha siku moja nikitazama mapovu, kisha nikakiondoa.

Chujio lifungwe kwenye fremu ya chesisi, mbali na bomba la moshi, mahali ambapo tairi halirushi mawe, na chini yake ibaki nafasi ya kuweka kopo la kukingia maji. Bora ufunge pia geji ya mvuto, inayoonyesha pampu inavuta kwa nguvu kiasi gani, kati ya chujio na pampu ya kuvutia. Andika inasoma kiasi gani chujio likiwa jipya na lori likiwa na mzigo mlimani. Namba hiyo inapopanda waziwazi, badilisha karatasi hata kama kilomita hazijatimia. Na wakati fundi wako yuko hapo chini, mwambie afungue bolti ya kuingilia mafuta kwenye pampu ya kuvutia. Ndani ya injini nyingi za aina hii mna kichujio kidogo cha wavu ambacho wamiliki wengi hawajui kama kipo, na changu kilikuwa kimezibwa na ute kiasi cha kutopitisha mwanga.

Kuna desturi moja ya gereji zetu ambayo inaharibu faida yote ya uchujaji. Fundi anapobadilisha filta ya injini huijaza dizeli kutoka kwenye dumu ili injini iwake haraka, na huimimina kupitia tundu la katikati, ambalo ndilo upande wa mafuta yaliyokwishachujwa. Uchafu wote wa dumu lile unakwenda moja kwa moja kwenye pampu. Filta ifungwe ikiwa tupu na ijazwe kwa pampu ya mkono mpaka upepo utoke wote. Inachosha mkono kwa dakika kadhaa, lakini simruhusu fundi yeyote kufanya vinginevyo kwenye lori langu.

Kabla ya yote haya tanki lishushwe na kuoshwa, na raba ya kifuniko pamoja na tundu la kupumulia vikaguliwe, maana kwenye vipande visivyo na lami vumbi la uwanda wa juu wa Makonde huingia popote. Kuweka chujio jipya mbele ya tanki lenye kutu ni kuliziba ndani ya wiki. Kuhusu ununuzi, dizeli inayoshushwa kwa meli bandarini Mtwara hupita mikono mingi kabla ya kufika kijijini, na ile ya madumu ya kando ya barabara siinunui tena. Nikikuta tenka linashusha mafuta kituoni, nasubiri au nakwenda kituo kingine, kwa kuwa mashapo ya tanki la chini huwa yamekorogwa. Chujio halitoi mafuta ya taa yaliyochanganywa ndani ya dizeli. Kwa hilo hakuna ulinzi isipokuwa kuchagua muuzaji.

Kwa sasa utingo hufungua koki ya bakuli kila asubuhi kabla injini haijawashwa, na kukinga kiasi cha nusu kikombe kwenye chupa ya kioo. Siku nyingi ni dizeli tupu. Mwezi Januari, mvua zikiwa zimekolea, huonekana matone chini ya chupa, na hapo tunaendelea kukinga mpaka yaishe. Msimu ukimalizika, nalijaza tanki hadi shingoni ili hewa isipate nafasi, ingawa fedha hiyo inauma, na Septemba, kabla ya kugusa ufunguo, tunafungua kwanza bolti ya chini ya tanki na kuachia lita mbili za mwanzo zitoke.